Jinsi ya Kuiba Utulivu Mchana Kweupe

Ndugu yangu, najua huna muda. Unaamka umechelewa, unarudi umechoka, na katikati hapo kuna kodi ya nyumba, ada ya shule, bosi, na simu isiyonyamaza. Halafu Ijumaa au Jumapili unamsikia mtu kwenye kipaza sauti akikuhimiza uilee nafsi yako. Utailea saa ngapi?

Washauri wengine watakuambia uamke saa kumi za usiku, ukae kimya saa nzima, ununue daftari la ngozi na uache sukari. Ulijaribu Januari, na Februari ikakukuta umelala. Usione haya. Mpango ule ulitungwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba kubwa, mpishi, na mlango unaofungwa kwa ndani.

Mwongozo huu ni wako wewe mvivu kidogo, mwenye pilika, unayependa usingizi na unayependa kusifiwa. Sitakuomba uwe mtu mwingine. Nitakufundisha wizi. Muda wa kuilisha roho umo tayari ndani ya siku yako, umetapakaa ovyo wala hauna mlinzi. Kazi yako ni kuuokota kabla simu haijauwahi. Tuanze.

1. Usisafiri

Futa ile ndoto ya kwenda mahali pa mbali penye ndege na mto ili ukajitafute. Mwaka 1095 Imamu Ghazali, mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, aliifanya safari hiyo kikwelikweli. Alikuwa na cheo, jina na mamia ya wanafunzi, mpaka ulimi ukagoma kusomesha. Akaacha kazi, akaenda Damascus, akaenda Jerusalem, akahiji Makka. Ilimchukua miaka kama kumi. Mwishowe alirudi kwao Tus, na baadaye akaingia tena darasani, mara hii Nishapur. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa tazama alichokileta. Kitabu chake kikubwa, Ihyaa, kina robo nne, na robo nzima ya pili inahusu mambo ya kila siku: adabu za kula, ndoa, kutafuta riziki, usuhuba, safari. Mtu aliyeiacha dunia alirudi kutufundisha namna ya kukaa kwenye chakula.

Wewe huna miaka kumi, na ukiondoka ada atalipa nani? Basi ruka safari, uanzie pale alipoishia yeye: nyumbani, kazini, katikati ya watu.

2. Iba pembezoni mwa kazi

Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana, akabaki humo mpaka 1944. Mchana alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na mtu huyo huyo akatuachia mashairi, tenzi, insha na hadithi ambazo shule zetu hazijamaliza kuzisoma. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alikuwa muuza vyungu, akivitembeza kwa miguu na kuvinadi kwa sauti, miaka mingi kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mikononi alipoifasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili. Tafsiri ilitoka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata 1969.

Hawa walikuwa na shughuli kuliko wewe. Mwajiri hawakumwibia, walichukua vile vipande vinavyobaki pembeni ya kazi. Na wewe vyako unavyo: daladala ikiwa bado inangoja kujaa, maji yakiwa bado hayajachemka, ofisi ikiwa bado haijafunguliwa na wewe umeshafika.

Siri ni kuchagua kitu kimoja tu cha kuingiza humo. Kitabu kimoja, au sura moja unayoihifadhi, au shairi unalolitunga kichwani, au ufundi unaojifunza. Ukichagua vitatu, kila kipande cha muda kitaishia kwenye kuamua uanze na kipi, na simu itashinda.

3. Chambua mchele

Sasa tunafika kwenye siri kubwa, nayo iko jikoni. Chukua sinia, mimina mchele, kaa mlangoni au karibu na dirisha penye mwanga. Utandaze uwe mwembamba, punje zisipandane. Anza upande mmoja. Sogeza punje chache kwa kidole, toa chuya, toa kijiwe, sukuma uliokwisha upande wa pili. Vijiwe vingine vina rangi ile ile ya mchele, na macho yanayokimbia hayavioni. Lazima macho yapunguze mwendo. Yakishapunguza, fikra nazo hupunguza, maana hazina pa kukimbilia.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye deni, kwenye maneno ya wifi, kwenye jibu ambalo ungempa yule juzi. Usigombane nayo, irudishe kwenye mchele. Itatoroka tena, irudishe tena. Huko kurudisha ndiko mazoezi yenyewe. Watawa hukaa miaka wakijifunza jambo hilo hilo. Sinia likimalizika, utakuwa na kichwa kilichotulia na wali usiovunja meno.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba hakuna atakayekukamata. Ukikaa sebuleni umefumba macho, watoto watakuuliza kama unaumwa. Ukichambua mchele, wanakupisha. Na nyinyi akina baba, sinia halikatazi mkono wa mwanamume. Kama mchele wenu hununuliwa umeshasafishwa, piga pasi shati, ng'arisha viatu, osha pikipiki, menya viazi. Masharti ni mawili: mikono ifanye kazi moja, na masikio yasivae kitu.

4. Vuka na pantoni bila simu

Kuvuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni ni dakika chache tu. Kungoja ndiko kunakokula asubuhi. Watu wa Mombasa wanayajua hayo hayo pale Likoni. Hapo ndipo penye mali ya wizi.

Usijiapize kwamba hutaigusa simu, kwa sababu utaigusa. Iweke chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga, chini ya bakuli la chakula cha mchana, ili kuitoa kuwe na usumbufu. Uvivu wako utakulinda bure.

Halafu chagua abiria mmoja. Usimkodolee macho, asije akakuuliza mnajuana wapi. Tazama alichoshika. Mama mwenye beseni la samaki: soko la Feri huchangamka alfajiri, kwa hiyo huyu aliondoka kwake wewe ukiwa bado unaota. Kijana mwenye bahasha ya kaki na kola iliyopigwa pasi kwa nguvu: leo ana usaili. Mzee anayeshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili. Jiulize swali moja tu: nyumbani kwake huyu, nani anamngoja?

Jibu hutalipata. Lakini ukiuliza hivyo siku kwa siku, utaona jambo linabadilika. Ule umati uliokuwa unakukera unaanza kuwa na mama, kijana na mzee ndani yake. Utasukumwa kama kawaida, ila hutashuka na hasira uliyozoea kushuka nayo.

5. Yape majivuno yako kazi

Wahubiri watakuambia uyaue majivuno kwanza, kisha ndipo utende mema. Utangoja sana. Mimi nasema yape jembe yalime.

Unapenda kuonekana? Vizuri. Watangazie watu watatu wanaokujua kwamba kila Jumamosi utakuwa unakwenda kumjulia hali bibi fulani wa mtaani, yule ambaye hatoki tena ndani. Umeshajifunga. Jumamosi ukitaka kulala, aibu itakuamsha. Mara ya kwanza utakwenda ili uonekane, na machungwa utayabeba kwenye mfuko wenye matundu ili nayo yaonekane. Mara ya pili utakwenda kwa sababu ulisema. Baada ya wiki kadhaa watu wamesahau, hakuna anayekusifu, na bibi mwenyewe ameanza kukulalamikia mbona umechelewa. Hapo tendo limekuwa lako.

Usidhani ninakupotosha. Ghazali aliiandikia riya, yaani kutenda jema ili uonekane, mlango mrefu, akaichambua mpaka kwenye mizizi. Lakini alionya pia kosa la upande wa pili, la mtu anayeacha jema kwa kuogopa kwamba ataonekana analitenda. Mtu huyo naye bado anaishi kwa macho ya watu. Nia hunyooshwa njiani. Ukingoja inyooke kwanza, hutavuka kizingiti.

6. Tumia saa ya bure

Katika miji yetu tumepewa kitu ambacho wengine hukilipia kwenye programu za simu: sauti inayokuambia usimame. Mara tano kwa siku adhana hupita juu ya mabati, iwe umeipangia ratiba au hukuipangia.

Kama wewe ni Mwislamu, usiukimbize udhu kana kwamba unafukuzwa. Maji yapite viganjani, mdomoni, puani, usoni, mikononi hadi viwikoni, kichwani, miguuni. Yafuate kwa akili kila yanapopita. Mpaka unafika kwenye mguu wa kushoto, nusu ya ghadhabu ya mchana imekwisha kushuka, na hata kwenye msala bado hujafika.

Kama wewe ni Mkatoliki, kengele ya saa sita unaijua. Simama nayo hata ukiwa na mwiko mkononi. Na usiikimbie jumuiya ndogo ndogo kwa kisingizio cha uchovu. Pale mnakutana nyumbani kwa mtu, mnaona jiko lake, mnaona kitanda cha mgonjwa wake, na Injili mliyosoma inapata pa kukaa.

Kama huna dini, iba kwa jirani. Sauti ikisikika, ya mnarani au ya kengele, simamisha mkono, vuta pumzi, taja kimoyomoyo jambo moja lililokwenda sawa tangu asubuhi. Hakuna atakayekutoza.

7. Fungua daftari la madeni

Nenda dukani ununue daftari la shule, lile la bei ndogo kuliko yote. Daftari zuri litakutisha, na utaanza kuandika kwa ajili ya wajukuu watakaolisoma. Hili liendeshe kama daftari la mkopo la muuza duka wa mtaani kwako: jina, kitu, tarehe, basi.

Kila usiku andika mistari miwili. Wa kwanza: leo nimepokea nini, na kwa nani. Kondakta aliyekusubiri ukimbie. Jirani aliyeanua nguo zako mvua ilipoanza. Wa pili: nani ananidai. Hapa hatuhesabu shilingi. Tunahesabu samahani ambayo hukuisema, ahsante uliyoimeza, simu uliyoahidi kuipiga.

Marcus Aurelius alitawala dola ya Kirumi kutoka mwaka 161 hadi 180, na sehemu ya miaka hiyo aliishi kambini akiwa vitani. Huko alijiandikia maneno ya kujikumbusha subira, uadilifu na kifo. Aliyaandika kwa Kigiriki, kwa ajili yake mwenyewe, wala hakuyapa kichwa cha habari. Ikiwa mfalme wa majeshi alihitaji kujikumbusha asiwe mkali kwa watu, na sisi tunahitaji.

Kidokezo cha wizi: siku uliyoruka iache wazi. Usiijaze kwa kukisia. Na deni likilipwa, lipige mstari. Utashangaa jinsi mstari huo unavyoleta usingizi.

8. Keti barazani, uulize swali moja

Katika Stone Town ya Unguja na mji wa Lamu kuna mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, kwa ajili ya mtu ambaye hajaingia wala hajaondoka. Muuza kahawa anakuja na dele lake juu ya makaa, vikombe vinagonganishwa, kashata inakatwa. Kikombe kimoja cha kahawa chungu kinakupa kiti katika chuo kisicho na ada.

Ila watu wengi hukaa pale wakasema tu. Wewe fanya hivi: mpe mzee shikamoo yake, ngoja anywe, kisha muulize swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo wala hapana. Mzee, mtaa huu ulikuwaje ulipohamia? Kazi hiyo nani alikufundisha? Halafu funga mdomo. Akinyamaza, usimjazie pengo. Katika kunyamaza huko anatafuta jambo ambalo hajamwambia mtu siku nyingi.

Ukichoka maneno, kuna bao. Mashimo 32, kete 64, na katika namua, sehemu ya kwanza ya mchezo, kete zilizo akibani huingia moja moja. Ukicheza huku unawaza kodi, utaliwa mpaka nyumba. Kwa muda wa mchezo mmoja unalazimika kuwepo pale ulipo. Na dada yangu unayekwenda kusuka, wewe una baraza lako: kichwa hakigeuki, saa zinakwenda, na anayekusuka amesikia habari za nusu ya wilaya. Muulize yeye habari zake mwenyewe. Pengine wewe ndiye wa kwanza kumuuliza mwezi huu.

9. Wahi msibani

Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Ukitaka kujua maisha yana maana gani, usianze na vitabu vya falsafa. Wahi msibani, ukae mpaka masufuria yanaoshwa. Usiende na hotuba. Sema poleni, vua viatu, kaa mkekani. Usiyeweza kukaa bila kazi, kazi zipo: kuna viazi vya kumenya, vitunguu vya kukata, turubai la kufunga, viti vya kushusha, kaburi la kuchimba. Huzuni ya watu usijaribu kuitengeneza. Kuwepo kwako kunatosha, na anayelia atakumbuka miaka mingi kwamba ulikuwepo, hata kama hakumbuki ulisema nini.

Kisha sikiliza yanayosemwa kule nyuma jikoni, mbali na kipaza sauti. Wasifu unaosomwa mbele utataja vyeo na miaka. Kule nyuma watasema mengine. Huyu ndiye alinikopesha cherehani mpaka nikapata yangu. Huyu alinikimbiza hospitali usiku wa mvua, na hakutaka hata hela ya mafuta. Huyu alikuwa anamsalimia mwanangu mlemavu kwa jina, kila siku, kama mtu mzima. Mambo madogo, yaliyomgharimu dakika chache, na mwenyewe huenda alikwisha kuyasahau.

Rudi nyumbani na swali hili: kule nyuma jikoni, siku yangu ikifika, watasema nini? Usijibu kwa huzuni, jibu kwa kazi. Umeshasikia orodha ya vitu vinavyobaki, na hakuna hata kimoja kinachohitaji utajiri. Chagua kimoja ukifanye wiki hii.

Na kuna dakika nyingine ambazo karibu kila mtu huziacha. Maturubai hushuka, ndugu wa mikoani hupanda mabasi, nyumba inabaki na mtu mmoja na sahani nyingi za kuazima. Nenda wakati huo. Nenda wiki ya tatu, nenda mwezi wa pili. Beba unga au usibebe kitu, kaa nusu saa, mtaje marehemu kwa jina. Wengi wanaogopa kumtaja wakidhani wataamsha kilio, na mfiwa anabaki akidhani kwamba mtu wake amesahauliwa.

10. Shindwa kwa utaratibu

Utashindwa, na hilo limo ndani ya mpango. Utaruka daftari, utaitoa simu chini ya bakuli, utachambua mchele huku unamsema jirani. Mtu wa kawaida akishindwa hutunga nadhiri kubwa zaidi na kuipangia Jumatatu, na Jumatatu ikifika nadhiri inamtisha, anairusha mwezi mwingine. Wewe usiape. Usitangaze mwanzo mpya. Tafuta kitendo kidogo kuliko vyote kilichopo usiku huu huu, kisha ukitende kwa akili yako yote: osha sahani moja, mfunike mtoto shuka, andika mstari mmoja.

Usijipime kwa kuuliza kama umekuwa mtulivu. Utulivu huja na kuondoka pamoja na usingizi, njaa na mshahara. Jipime kwa watu. Je, mkeo au mumeo anamaliza sentensi siku hizi kabla hujamjibu? Watoto wanakuja kukaa karibu nawe bila kuwa na shida? Yule bibi anajua Jumamosi ni siku yako? Kama majibu yanasogea, hata kwa kujikokota, moyo wako unalishwa, endelea kuiba.

Na kama leo umechoka kiasi kwamba yote haya ni mzigo, fanya moja tu. Simu unayo mkononi. Mtafute mtu ambaye hujamjulia hali siku nyingi, umpigie, umuulize habari za nyumbani kwake, na umsikilize mpaka amalize.